IST, Forester au Honda Fit? Jibu kwa dada wa Goba anayenunua gari la kwanza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Goba, kazini kwangu ni Posta, na nina watoto wawili wa shule. Mimi na mume wangu tumejibana mpaka tumefikisha milioni kumi na tano za gari letu la kwanza. Yeye moyo wake uko kwenye Subaru Forester. Kaka yangu anasema tuchukue Toyota IST tusijisumbue. Mwenye yadi tuliyopita ananisukumia Honda Fit, anasema bei yake ni nafuu na ndani kuna nafasi. Hela ikibaki nataka friji na kitu cha kutusaidia umeme ukikatika. Wewe vitu hivi unavyo au unavishika kila siku. Ungekuwa mimi ungechukua nini? Niambie ukweli, hata kama utamuudhi mume wangu.

JIBU: Dada yangu, ningechukua IST ya toleo la kwanza yenye injini ya 1NZ, na kati ya hizo milioni kumi na tano ningehakikisha mbili hazifiki kabisa mkononi mwa muuzaji. Shemeji anisamehe. Forester ni gari zuri na sifa zake nitazisema. Lakini kwa familia yenye bajeti ya kuhesabu, hapa Dar, gari la kwanza ni lile ambalo likisumbua Jumamosi mchana unapata spea yake kabla maduka hayajafungwa, na fundi wa mtaani kwako ameshalifungua mara nyingi kiasi kwamba hatajifunzia kwako.

Nina gereji Tabata. Ninaloendesha mimi ni IST ya mwaka 2004, na kabla yake nilikuwa na Forester. Honda Fit sijawahi kuimiliki, ila haipiti wiki bila mojawapo kuingia gereji. Kwa hiyo mawili nayasema kama mwenye mali, la tatu kama anayelitibu.

IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 na toleo la kwanza likaisha 2007. Kwenye kadi, au kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, utakuta herufi NCP zikifuatiwa na 60, 61 au 65. Ya 60 ina injini ya 1.3, ya 61 ina 1.5, na ya 65 ni 1.5 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Tafuta 61. Ile ya 1.3 si mbaya, lakini ukiwa na watu wanne ndani, AC inafanya kazi, na unapanda vilima vya Goba, unaisikia inavyolalamika. Ile ya magurudumu manne iache, utabeba uzito na kuchoma mafuta kwa kitu utakachokihitaji mara chache sana.

Injini ya 1NZ iliyomo kwenye NCP61 ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta kwenye Probox, Raum, Spacio na Corolla za NZE. Ukifika Gerezani au Shauri Moyo ukaomba koili ya 1NZ, muuzaji haulizi swali la pili. Atakuuliza tu unataka mpya au ya mtumba. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na ukibadilisha oili kwa wakati cheni hiyo itakaa miaka na miaka bila kuguswa. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, inayotumia oili ambayo kila duka la maana linayo. Hilo la giaboksi lishike, nitalirudia kwenye Honda.

Ubaya wake nao uujue. Buti ni dogo: mabegi mawili ya shule na ndoo ya sokoni, limejaa. Nguzo ya nyuma ni nene, ukirudi kinyumenyume huoni vizuri upande wa kushoto. Dashibodi yake ina mita katikati badala ya mbele ya dereva, na wiki za kwanza jicho linahangaika. Kwenye barabara ya vumbi lina kelele, na bushi za mbele pamoja na shokapu zitakudai mapema kwa sababu mitaa ya ndani ya Goba ina makorongo. Lakini hizo ni gharama unazoweza kuzipangia. Hazikurukii usiku.

Sasa la shemeji. Forester ya miaka ya 2002 mpaka 2007, ambayo wengi wanaiita SG5, ni gari linaloshika barabara kuliko chochote ulichokitaja. Injini yake imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, hivyo uzito uko chini, na nguvu inakwenda magurudumu yote wakati wote. Mvua ya masika ikinyesha kwenye udongo ule mwekundu, Forester inapita na mimi na IST yangu tunasubiri. Hiyo ni haki yake na siipunguzi.

Tatizo ni malezi yake. Injini za Subaru za kipindi hicho, zile za EJ, zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa takribani kila kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa linatembea, vali zinagongana na pistoni. Hapo hulipii mkanda tena, unalipia injini. Gari la mkononi likikujia bila ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba ni zamu yako kuubadilisha, pamoja na pule zake na pampu ya maji, kabla hujalitembeza. Kingine ambacho wauzaji hawakisemi ni tairi. Gari linalovuta magurudumu yote muda wote linataka tairi nne za saizi moja na zilizolika sawasawa. Sisi huku tuna tabia ya kupasua tairi moja, kukimbilia kwa mtu wa pancha na kufunga yoyote ya mtumba inayoingia kwenye rimu. Kwenye IST utaendesha tu. Kwenye Forester unaiua taratibu ile sehemu ya giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Na ikichemka mara moja tu, gasketi za silinda hedi ni mbili, na kuzifikia ni kazi ya fundi anayezijua. Mafundi wa Subaru wapo Dar, wazuri, lakini si kila mtaa, na wanajua thamani yao.

Halafu mafuta. Kutoka kwako mpaka Posta na kurudi ni kilomita zisizopungua 40. Kwa siku 22 za kazi ni kama 880 kwa mwezi. IST yangu kwenye foleni ya jioni inatoa kilomita 10 kwa lita, hivyo ungetumia lita 88. Forester yangu kwenye foleni hiyo hiyo ilikuwa inatoa 7, nayo ingetaka lita 126 hivi. Tofauti ni lita 38 kila mwezi. EWURA wanatangaza bei kikomo mwanzoni mwa kila mwezi, zidisheni wenyewe mkiwa mezani na shemeji. Kumbukeni pia kwamba ile leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na serikali ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta, kwa hiyo mwenye gari linalokunywa sana ndiye anayeilipa zaidi.

Honda Fit si gari baya, na nafasi ambayo mwenye yadi anaisifia ipo kweli. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjuka mpaka sakafuni, na unaweza hata kuinua makalio ya kiti ukasimamisha friji dogo. Mimi ninachokiogopa ni giaboksi yake. Ni ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika, na inataka oili ya Honda yenyewe. Nimeshazipokea nyingi zilizowekwa oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu fundi alikuwa nayo dukani na rangi ilifanana. Dalili yake ni hii: gari likiwa baridi, weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta. Likitetemeka kama mtu mwenye homa wakati linaanza kusogea, mshukuru muuzaji uondoke. Jambo jingine ni kwamba Fit nyingi za 1.3 za toleo la kwanza zina plagi nane, mbili kwa kila silinda. Fundi akikuletea bili ya plagi nane usimwite mwizi, na akibadilisha nne tu, mrudishe.

Kwa sababu hiyo hiyo ya CVT, IST ya toleo la pili, iliyoanza 2007 na kuandikwa NCP110, siiweki kwenye kundi moja na ile ya kwanza. Ni nzuri zaidi kukaa ndani, mita imerudi mbele ya dereva, lakini otomatiki yake ni CVT na bei yake itakumalizia akiba yote.

Mnunue wapi? Kwa milioni kumi na tano ningenunua gari ambalo tayari lina namba, kutoka kwa mtu anayelitumia, kuliko kuagiza Japani. IST za toleo la kwanza zote zimezidi miaka kumi, na gari lililozidi umri huo linabeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, ingiza aina na mwaka wa gari uone mwenyewe kodi itakavyosimama karibu na bei ya gari. Mkiamua kuagiza hata hivyo, dai karatasi ya mnada ya Kijapani, si picha peke yake. Alama ya 4 au 3.5 ni gari la kawaida lililotumika. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu. Gari lenye W nyingi upande mmoja lina hadithi, na hadithi hiyo muuzaji anaijua.

Siku ya kwenda kuangalia gari, nenda asubuhi na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu hakutaka ukisikie injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta (likiwa baridi tu, nakusihi) utazame rangi. Unataka kuona maji mekundu au ya waridi, masafi. Ukikuta maji ya rangi ya chai ya rangi, humo ndani kuna kutu. Fungua na kifuniko cha oili. Chini yake kukiwa na utando mzito mweusi kama lami, injini hiyo imeishi kwa oili iliyochelewa.

Kisha zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya injini, ya breki za ABS na ya eabegi zote ziwake, na ya eabegi izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Watu wanaangalia taa isiyozimika na kusahau ile isiyowaka kabisa. Taa ambayo haiwaki kabisa mara nyingi imeng'olewa balbu au imewekewa gundi nyeusi mbele yake ili usijue kuna ugonjwa. Hapo usijadili bei, ondoka.

Na la eabegi lina uzito wake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vipulizio vya eabegi vyenye ammonium nitrate, na joto pamoja na unyevunyevu wa miaka mingi vinaiharibu kemikali hiyo mpaka gari likigongwa kipulizio kinapasuka na kurusha vyuma usoni kwa dereva. Duniani kote viliitwa virudishwe takribani milioni 100, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Magari mengi ya Toyota na Honda ya miaka ya 2000 yamo. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar mwaka mzima, kwa hiyo hili linatuhusu kuliko linavyowahusu watu wa baridi. Chukua namba ya chesisi, iulizie kwa wakala wa Toyota au kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, ujue kama gari hilo lilibadilishwa kipulizio. Namba hiyo hiyo ilinganishe na iliyo kwenye kadi, kadi halisi na si kopi, maana gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo wa mtu. Namba ya gari nayo iingize kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, usije ukarithi madeni.

Mkishanunua, zile milioni mbili nilizokwambia uzifiche zinaanza kazi. Kuna jambo linaniuma katika mji huu na nitalisema kirefu. Mafundi wengi wanang'oa themostati. Gari likichemka kidogo tu, anakwambia, "Mama, hiki kifaa ni cha nchi za baridi, sisi hatukihitaji," anakitupa, gari linaacha kuchemka, unamlipa na kumshukuru. Themostati ni kivalvu kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ifikie joto lake la kazi, na kwa 1NZ kinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Kikiondolewa, injini inakaa baridi muda mrefu. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Oili haipati joto la kukausha unyevu, inageuka ule utando mweusi niliokuonya. Na kilichochemsha gari, iwe rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, bado kipo palepale kinasubiri siku ya foleni kubwa.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Toyota nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ukitoka nyumbani asubuhi, taa hiyo inatakiwa kuzimika ndani ya dakika chache. Ukifika Makongo bado inakutazama, au inazimika kwenye foleni na kuwaka tena ukianza kukimbia, themostati haipo au imekufa ikiwa wazi. Kuirudisha ni kazi ya muda mfupi na bei yake haifiki tangi moja la mafuta. Siku hiyo hiyo safisha rejeta na uweke kulanti. Maji ya kisima usiyaweke kamwe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na ile ile inayoacha ukoko mweupe kwenye birika lako ndiyo itakayoziba rejeta na kula pampu.

Oili ya 1NZ ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha. Chukua 5W-30. Utaambiwa gari kuukuu linataka oili nzito, 20W-50 au 40. Kataa, kwa sababu mfumo wa VVT-i, ule unaobadilisha muda wa vali kufunguka, unafanya kazi kwa msukumo wa oili inayopita kwenye tundu nyembamba, na oili nzito inafika kwa kuchelewa. Kila kilomita 5,000 badilisha. Kopo livunjwe muhuri mbele ya macho yako, na likiisha ondoka nalo, maana makopo matupu yana soko lake la kujaziwa oili feki.

Masika yakiingia, kuna kanuni moja: gari likizima ndani ya maji, usipige stata tena. Iwe Jangwani au kwenye bonde lolote lililofurika, njia ya hewa ya gari dogo iko chini. Maji yakiingia silinda hayabinyiki, na pistoni ikijaribu kuyabana, koni rodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Gari lililosukumwa nje ya maji na kufunguliwa plagi kabla ya kuwashwa tunaliokoa mara nyingi. Lililopigwa stata "ili nione kama litawaka" linakuja kwangu kwenye bredauni likiwa na injini ya kutupa.

Vya kubandika ndani ya gari sina mengi. Redio ya Kijapani inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, hivyo stesheni zote za juu ya 90 hutazipata bila kuongezewa ekspanda au kubadilisha redio. Usinunue redio kubwa ya skrini kwa milioni nzima wakati bushi zinalia. Kamera ya mbele nakushauri uwe nayo, ajali za bodaboda zina mashahidi wengi na kila mmoja ana lake, ila chagua inayotumia kapasita badala ya betri ya ndani. Gari likishinda juani Posta, betri ya kamera inavimba kama andazi na skrini inabanduka.

Sasa friji. Ukienda kwenye maduka ya mtumba utakuta yaliyotoka Japani na yaliyotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Friji la Kijapani likichomekwa moja kwa moja ukutani kompresa inaungua siku hiyo hiyo, na kulitumia kwa transfoma ni kujiongezea mzigo na joto. Soma kibati cha nyuma: lazima kiandikwe 220-240V na 50Hz. Lakini hata la Ulaya mimi nisingechukua. Makubwa yale ya milango miwili ya zamani yanaweza kula uniti mbili kwa siku, wakati friji jipya dogo la lita 200 hivi linazunguka kwenye moja au chini yake. Uniti moja ya tofauti kila siku ni uniti 30 kwa mwezi, na kwenye LUKU ya T1 elfu kumi haifikishi uniti 30. Nunua jipya, dogo, lenye dhamana ya kompresa iliyoandikwa. Liache nafasi ya kiganja nyuma yake lipumue.

Pamoja nalo nunua friji gadi, na hiki usikiruke. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, gesi ndani ya mabomba bado ina msukumo upande mmoja, kompresa inajaribu kuanza dhidi ya msukumo huo na inazidiwa. Friji gadi inakata umeme wa juu sana au wa chini sana, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu kompresa. Ukichomeka ukaona taa ya njano halafu friji liko kimya, haijaharibika, inasubiri. Wageni wengi wanaichomoa wakidhani mbovu. Waambie watoto wasiiguse.

Cha umeme ukikatika, usianze na seti kubwa ya mamilioni. Hesabu unachokihitaji: taa nne za wati 9 ni 36, feni moja 50, ruta 10. Jumla haifiki wati 100. Betri ya jeli ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri za risasi kama hii ukizikamua chini ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, nayo inakula kidogo njiani. Utapata kama saa 5, na inatosha usiku wa kawaida wa kukatika. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo itakupa karibu mara mbili na kudumu miaka mingi zaidi, hela ikiruhusu chukua hiyo. Inveta iwe ya wimbi safi, maana zile za bei ya chini feni zinanguruma na chaja za simu zinapata moto. Betri iwekwe mahali pa kupitisha hewa, si ndani ya kabati la jikoni. Friji usiliunganishe humo. Mlango ukibaki umefungwa linatunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi bila umeme, na ukilipachika kwenye betri hiyo utakosa friji na feni kwa pamoja kabla hakujapambazuka.